Suruali zilizokenua: kisa cha fundi aliyeuza cherehani akanunua ovaloki

Mwenye kisa ameniruhusu kukiandika kwa masharti mawili: nisitaje mji wake wala shule iliyohusika, na nisimfanye aonekane mjinga. La pili halikunisumbua. Ningekuwa mimi nimekaa miaka 16 kwenye cherehani bila kugusa ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, hata siku moja, ningeamua vilevile alivyoamua yeye, pengine na vibaya zaidi. Nitamwita Fundi tu, na msaidizi wake nitamwita binti. Mimi ni fundi wa mashine, na nimefundisha ushonaji kwa muda. Niliingia katika kisa hiki kwanza kwa simu, baadaye kwa basi.

## Mazingira

Mji uko kando ya barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya, upande wa baridi kali. Mwezi wa Sita na wa Saba mtoto haendi shule bila sweta, na mwalimu wa zamu anashika ubao na koti mwilini. Kwa fundi nguo, hali hiyo ina maana yake. Kazi ya huku si mashati na magauni pekee. Sehemu kubwa ya mwaka mkononi kuna sweta, traksuti na vitambaa vya kuvutika. Hilo likumbukwe, tutalirudia.

Fundi alikuwa na cherehani mbili za miguu, vile vichwa vyeusi tunavyovijua wote, katika banda la mabati karibu na stendi. Kingo za ndani za nguo alizimaliza kwa kuzikunja na kuzipiga mshono, au kwa mkasi wa meno. Nguo za wateja wanaogeuza na kukagua ndani alizipeleka kwa jirani mwenye ovaloki, shilingi 500 kwa nguo.

Novemba ikaja oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Shule binafsi ilitaka suruali 70 na sketi 50 za gabadini (kitambaa kigumu kisichovutika), pamoja na traksuti 120, juu na chini. Nusu ya malipo ilitangulia, na sehemu kubwa ya hiyo ikaenda kwenye kitambaa. Mzigo wote wa gabadini na nusu ya traksuti ulitakiwa kabla shule haijafunguliwa Januari. Traksuti zilizobaki mwisho wa mwezi.

Akapiga hesabu. Nguo 360 kwa jirani ni shilingi 180,000, na bado jirani ana foleni yake. Ovaloki iliyotumika ya nyuzi tatu, ya kiwandani, pamoja na meza na mota, ilikuwa shilingi 750,000 huko Dar es Salaam. Kwenye simu muuzaji alimwambia maneno ambayo Fundi anayakumbuka neno kwa neno: "Mama, hii inashona, inakata, inafunga ukingo, vyote kwa mpigo mmoja. Cherehani utaiweka stoo."

Fundi hakuiweka stoo. Aliuza moja kwa mama mwenye duka la vitenge ng'ambo ya barabara, shilingi 200,000, ili atimize bei.

Nataka tusimame hapa kidogo, maana maneno ya muuzaji si uongo. Ovaloki kweli inashona, inakata na kufunga ukingo kwa mpigo mmoja. Alichokiacha ni *kushona* kwa namna gani, na kitambaa gani.

## Siku mbili za uzi kukatika

Mashine ilifika kwa basi wiki ya kwanza ya Desemba. Tangi la mafuta lilikuwa kavu, kama inavyotakiwa wakati wa kusafirisha, ila hakuna aliyemwambia alijaze. Bahati njema binti aliona kidirisha cha mafuta hakina kitu akauliza. Kichwa cha kiwandani kinachopita mishono 5,000 kwa dakika hakihitaji muda mrefu kujiua kikizungushwa kikavu. Cherehani ya miguu unaidondoshea matone asubuhi na inakusamehe, hii haisamehi.

Wakatunga uzi. Wakashona sentimita tatu, uzi ukakatika. Wakatunga upya, ukakatika tena. Siku ya pili jioni akanipigia.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, dada. Habari za huko?"

"Huku ni baridi na uzi unakatika."

Nikamuuliza ni uzi upi unaokatika. Akasema wa lupa ya chini. Nikamuuliza alipoutunga tena huo wa lupa, sindano ilikuwa tayari ina uzi?

"Ina uzi tangu jana. Nimeanza na sindano kama kawaida."

Tatizo lilikuwa hapo, na halikuwa la mashine. Ovaloki haina bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini kwenye cherehani. Mahali pa bobini kuna vyuma viwili vilivyopinda kama vidole, tunaviita lupa ya juu na lupa ya chini, na kila kimoja kimebeba uzi wake kutoka kwenye koni. Sindano ikishuka, lupa ya chini inapita nyuma yake na kunasa kitanzi cha uzi wake. Halafu lupa ya juu inapita kwenye kitanzi cha lupa ya chini, inaupandisha uzi wake yenyewe juu ya ukingo wa kitambaa, na sindano ikishuka tena inaubana pale. Nyuzi zinakabidhiana kitanzi kwa kitanzi, kama mtu anayefuma kwa sindano ya kulabu.

Sasa ukitunga lupa ya chini wakati uzi wa sindano umeshatangulia kukaa pale, nyuzi mbili zinapishana vibaya, zinazongana, na mishono ya kwanza tu inakata. Utaratibu wa mashine nyingi ni lupa ya juu, kisha lupa ya chini, sindano mwisho kabisa. Na uzi wa lupa ya chini ukikatika katikati ya kazi, unachomoa wa sindano kwanza, unatunga lupa, ndipo unarudi kwenye sindano. Mkono uliozoea cherehani hauwezi kubahatisha hilo. Kwenye cherehani sindano ndiyo mlango wa kuingilia. Huku ndiyo ya kufungia.

Nikampa na mbinu ya wavivu, ambayo mimi mwenyewe naitumia kila siku. Ukibadilisha rangi, usitunge upya. Kata uzi wa zamani karibu na koni, funga mpya kwa fundo dogo, legeza tensheni (mkazo wa uzi), vuta mpaka fundo lipite. Kwenye lupa fundo linapita. Kwenye tundu la sindano halipiti, hapo unakata na kutunga kwa mkono. Usiku huo huo ikashona. Alinitumia picha ya kipande cha gabadini, ukingo umefungwa vizuri kabisa.

## Gabadini: wiki tatu za furaha

Yaliyofuata yalimpumbaza, na yangempumbaza yeyote. Mwili wa suruali uliokuwa ukimla nusu saa kwenye cherehani sasa ulikuwa dakika chache. Alishona mapaja, mapito ya ndani na kiti cha suruali kwa ovaloki peke yake, mshono mmoja, basi. Ndani nguo ilionekana ya dukani.

Mambo mawili yalianza kujitokeza wakati huo huo, yeye hakuyapa uzito.

La kwanza ni foleni. Ovaloki haiweki zipu, haishoni mfuko, haipigi mkanda wa kiuno, haifanyi tundu la kifungo, na hairudi nyuma. Hiyo yote ni kazi ya cherehani, na cherehani ilikuwa imebaki moja. Kwa siku miili 20 ya suruali ilitoka kwenye ovaloki, na suruali zilizokamilika zilikuwa 8. Miili ikarundikana kwenye kreti ikisubiri zipu. Fundi alikuwa amenunua kasi mahali ambapo hakuwa na foleni, kwa kuuza mashine mahali penye foleni.

La pili ni vipimo. Amezoea kukata kwa nafasi ya mshono ya sentimita 1.5. Ovaloki yake ilishona milimita 6 hivi kutoka kwenye kisu. Yeye aliongoza ukingo wa kitambaa ukae sawa na kisu bila kukatwa, kwa hiyo kila ukingo ulibaki na milimita 9 ambazo cherehani ingezimeza. Pembeni mwa suruali kuna mishono miwili, kila mshono una kingo mbili: 9 mara 4 ni milimita 36. Suruali ya kiuno cha 60 ikatoka 63 na ushee kabla hujahesabu kiti. Binti naye aliongoza kwa alama ya chaki, akakiacha kisu kile ziada yote, kwa hiyo zake zikatoka kwa kipimo. Rundo moja, saizi moja kwenye lebo, miili miwili tofauti. Walidhani kitambaa kimevutika.

Uzi nao uliwashangaza. Alinunua kwa mazoea ya cherehani, ukaisha kabla ya nusu. Mshono wa kawaida hula takriban sentimita 2.5 za uzi kwa kila sentimita ya mshono. Ovaloki ya nyuzi tatu hula kama 14. Suruali yenye mita 5 za mishono ni mita 12.5 kwa cherehani na mita 70 kwa ovaloki. Kwa nguo 120 ni mita 8,400. Hiyo haikuwamo kwenye bei aliyowapa shule.

Mzigo ulifika kwa wakati, pamoja na traksuti 60 za kwanza, zote za ovaloki.

## Kukenua

Wiki ya pili ya masomo suruali zikaanza kurudi. Mpaka mwisho wa Januari zilikuwa 29 kati ya 70. Sketi zilikuwa 2 kati ya 50.

Nilizishika kwa mkono baadaye. Nyingi hazikuwa zimechanika. Zilikuwa zimekenua. Ukivuta pande mbili za mshono wa kiti, unafunguka mstari kama mdomo, na ndani yake unaona nyuzi nyeupe zimepangana kama meno ya mtu anayecheka bila sauti. Mtoto akiinama, nguo ya ndani inachungulia. Chache mshono ulikuwa umefumuka kuanzia mwisho, pale kiunoni, kwa sababu ovaloki hairudi nyuma kufunga kama cherehani. Inaacha mkia wa uzi, na mkia usipopitiwa na mshono mwingine au kurudishwa ndani kwa sindano kubwa ya mkono, siku moja unaanza kujifungua.

Mkuu wa shule hakupiga kelele. Alimtumia mfuko wa rambo umejaa suruali, na juu yake karatasi yenye majina ya watoto. Fundi anasema afadhali angepiga kelele.

## Traksuti 60 za pili

Uamuzi uliofuata ndio unaonifanya nikiandike kisa hiki.

Fundi alikaa na zile suruali akafikia hitimisho: ovaloki haina nguvu. Inapendezesha tu. Traksuti 60 zilizobaki akazishona kwa cherehani, mshono mdogo mdogo, na mahali pengine akarudia mara mbili kwa usalama. Ovaloki akaitumia kufunga kingo tu. Alilala saa tano tano usiku kwa wiki nzima, mguu mmoja umevimba, akiamini sasa anafanya kazi ya uhakika.

Kati ya hizo 60 za pili, zilirudi 23 ndani ya wiki tatu. Kati ya zile 60 za kwanza, za ovaloki peke yake, alizoshona haraka haraka akiwa na furaha, zilirudi 2.

Kitambaa kimoja, mikono ile ile, watoto wa shule moja. Mimi nimefundisha jambo hili kwa miaka kwa kuchora ubaoni, na sijawahi kupata mchoro mzuri kama huo.

Zilizorudi zilikuwa na jeraha la aina moja: shingo na kiti, mshono umekatika *pa*, uzi umepasuka kila baada ya vidole vitatu, lakini kitambaa kizima.

Katikati ya hapo kulikuwa na balaa dogo la kisu, nilipitie haraka. Binti alibana vitambaa kwa pini kama alivyozoea. Kwenye cherehani pini ikigongwa na sindano, sindano inavunjika na unabadilisha. Kwenye ovaloki pini ilikutana na kisu. Kisu kikapata pengo, ukingo ukawa kama umetafunwa na panya. Wakakipeleka kwa mchomeleaji akanoe, akakinoa kama panga. Kisu kipya kilisubiriwa siku tatu kutoka Dar es Salaam.

## Tulivyookoa

Nilikwenda mwishoni mwa Februari. Nilimkuta amefunika ovaloki kwa kanga, kama mtu aliyegombana nayo.

Suruali ziliokolewa na kosa la vipimo, na hapo tulicheka kwa mara ya kwanza. Zile alizoshona yeye bila kukata ziada zilikuwa bado na nafasi yake yote ya sentimita 1.5. Tukapiga mshono wa cherehani kwa ndani, mahali ambapo ungekuwa tangu mwanzo, mbele na nyuma ukarudiwa kufungwa. Ovaloki ikabaki pembeni, kazi yake ikawa kufunga ukingo. Suruali ikapata nguvu na ikarudi kwenye kipimo kwa mpigo mmoja. Hatukufumua chochote ila pale mkanda wa kiuno ulipozuia.

Za binti, zilizokuwa na kipimo sahihi, hazikuwa na nafasi. Hizo tulipiga mshono milimita 2 tu ndani ya ule wa ovaloki. Zikapungua kidogo, nne zilibidi wapewe watoto wembamba zaidi, na mkuu wa shule akakubali. Tukaomba tuletewe na zile ambazo hazijarudi, zote. Fundi hakulipenda wazo hilo. Mimi sikuona njia nyingine: mshono ambao haujakenua Januari utakenua Machi.

Traksuti tulizipitisha kwenye ovaloki, sindano ikifuata mstari ule ule wa cherehani, kisu kikila kilichozidi. Uzi wa zamani tuliutoa kwa wembe kwanza, maana ukibaki humo utaendelea kukatika na vipande vitachungulia nje. Tensheni ya sindano tuliilegeza kidogo, kisha nikamwambia avute mshono kwa nguvu zake zote. Akavuta. Ukavutika na kurudi. Akavuta tena, safari hii akinitazama mimi.

Cherehani moja isingetosha kwa kazi hiyo. Fundi akavuka barabara akakodi ile aliyoiuza, shilingi 3,000 kwa siku. Mama wa vitenge alimkabidhi akimsisitizia aitunze.

## Uchambuzi

Mashine mbili, kazi mbili. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, zinazoshikana katikati ya unene wa kitambaa. Elias Howe alipata hataza ya mashine ya mshono huo Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akaiboresha na kupata yake 1851, na katika jambo hili la msingi cherehani ya banda lile haijabadilika. Ni mshono mnyoofu, umekaza, hauna cha ziada. Ukivuta vitambaa viwili kutenganisha, haufunguki. Lakini ukivuta kwa urefu, hauna pa kwenda. Gabadini haivutiki kwa urefu, kwa hiyo haiuulizi swali hilo. Kitambaa cha traksuti kinauliza kila mtoto anapopitisha kichwa kwenye shingo. Kitambaa kinarefuka, uzi haurefuki, unakatika.

Ovaloki ni kinyume chake. Nyuzi zake zimelala kwa vitanzi kuzunguka ukingo, kwa hiyo ina uzi mwingi wa akiba (ndiyo zile sentimita 14) na inarefuka pamoja na kitambaa. Lakini vitambaa viwili vimeshikwa na uzi mmoja wa sindano, na ukivuta kutenganisha, vitanzi vinageuka kama bawaba ya mlango. Ndiko kukenua. Kwenye kitambaa laini cha kuvutika mvutano unagawanyika na huoni kitu. Kwenye gabadini ngumu, mahali pa kiti, mvutano wote unaishia kwenye bawaba. Ndiyo maana sketi, ambazo hazina kiti, zilirudi mbili tu.

Ukoo wa ovaloki unasaidia kuielewa. Ilitokana na kiwanda cha vitambaa vya kufuma cha familia ya Merrow huko Connecticut, ambako mwaka 1881 walitengeneza mashine ya kufunga kingo. Haikuzaliwa kwa ajili ya suruali, ilizaliwa kati ya nguo za kufuma. Kwa sisi wa Nyanda za Juu hiyo ingekuwa sababu ya kuipenda tangu siku ya kwanza, kama ingeanza na sweta.

Maneno ya muuzaji. Kuna ovaloki ambayo ingeshona suruali zile bila aibu: ya nyuzi tano, yenye sindano mbili na lupa tatu, ambayo inapiga mshono wa mnyororo kwa ndani na ovaloki pembeni kwa pamoja. Suruali nyingi za kiwandani zimeshonwa hivyo, geuza yako uangalie. Ya nyuzi nne ina sindano mbili na ni nzuri zaidi kwa traksuti kuliko ya tatu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "inashona?" Hesabu koni na sindano. Fundi aliuliza hali ya mota, bei ya usafiri na kama kuna sindano za akiba, na hilo la mwisho aliuliza vema, kwani sindano za ovaloki nyingi za kiwandani, DC×27, hazifanani na za cherehani yake.

Kilichofanya kazi. Kununua ovaloki lenyewe halikuwa kosa. Kwa mji ule na hali ya hewa ile ingemlipa. Kupiga simu siku ya pili, badala ya wiki ya pili, kuliokoa Desemba. Swali la binti kuhusu mafuta liliokoa mashine. Na kuzipokea nguo zilizorudi bila kubishana ndiko kulikofanya mkuu wa shule akubali zote zipelekwe kurekebishwa.

Kilichoshindikana. Kuuza cherehani, bila shaka. Lakini nikilinganisha hasara, naweka juu zaidi kukosekana kwa sampuli. Suruali moja ya ovaloki ikivaliwa na mtoto wa jirani kwa siku mbili, akapanda miti na kukaa vumbini, ingesema yote kabla ya nyingine 69 kukatwa. Fundi alikagua mshono kwa macho, na kwa macho mshono wa ovaloki unapendeza kuliko wote.

Halafu lile la traksuti. Kosa la pili lilikuwa mtoto wa funzo la kwanza. Alijifunza "ovaloki haina nguvu", ilhali kilichotokea ni kwamba ovaloki haikufaa *gabadini*. Mashine alihukumu, kitambaa akakisahau. Na nikiri langu: siku ile ya simu nilimwelekeza namna ya kutunga uzi na sikumuuliza anataka kushona nini. Nilijibu swali nililoulizwa tu. Sentensi moja ingetosha.

Mawimbi. Zile traksuti 60 za kwanza hazikuwa safi moja kwa moja. Pindo na vikuku vya mikono vilitoka na mawimbi kama majani ya kabichi. Ovaloki ina meno mawili ya kusukuma kitambaa, ya mbele na ya nyuma, na kuna mahali pa kurekebisha ili ya mbele yasukume haraka kuliko ya nyuma. Kwenye kitambaa cha kuvutika unayaongeza mpaka ukingo ulale. Hatukuhitaji zana, dakika mbili na mabaki ya kitambaa vilitosha. Lakini mawimbi yaliyokwisha kushonwa yalibaki. Pasi iliyapunguza, haikuyamaliza.

## Matokeo

Shule ililipa sehemu iliyobaki, ikakata kwa ajili ya traksuti 5 ambazo hazikuokoka. Ukitoa uzi, kisu, ukodishaji wa cherehani na siku zangu mbili (nilichukua nauli na chakula), Fundi hakupata faida wala hasara ya kutaja. Mwaka uliofuata suruali na sketi walimrudishia. Traksuti walimpa mtu mwingine.

Nilipita tena Agosti nikielekea Mbeya. Pini hazikuwapo bandani. Binti alikuwa na vibanio vya kuanikia nguo vimepangwa kwenye ukosi wa sweta yake, na alikuwa akiviondoa kimoja kimoja kabla havijafika kwenye kisu. Aliingia mteja na kitambaa ndani ya mfuko. Kabla ya kumuuliza anataka mshono gani, binti alikitoa, akashika ukingo kwa vidole vya mikono miwili, akavuta.

Cherehani ya pili Fundi bado anaikodi. Amejaribu mara tatu kuinunua tena, na mama wa vitenge anasema hawezi kuiachia, ameshaizoea.